Naomba Nishtakiwe kwa Kuchanganya Ilani za Vyama Vitatu

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu wewe na meza yako yote. Sisi huku karakanani tu wazima, mashine zinaguna lakini zinazunguka, na wino bado upo. Nisingekusumbua kipindi hiki cha kampeni, maana najua hapo kwako kumejaa barua za watu wanaodai kwamba wananchi wanawapenda. Mimi sidai kupendwa. Naomba nishtakiwe, na hadi leo nimekosa mtu wa kunishtaki.

Mimi ni mpiga chapa, mwaka wa thelathini na moja sasa. Karakana yangu iko nyuma ya duka la magodoro, mlango wa chuma wa kijivu. Ndani kuna mashine mbili, ya zamani na ya zamani zaidi, kikata karatasi kimoja, kompyuta moja, na paa lenye tundu ambalo nitalitaja tena kwa kuwa nalo ni mshitakiwa mwenzangu. Wasaidizi wangu ni wawili. Mmoja ni mkataji, mtu mzima wa miaka hamsini ambaye mtaa mzima unamwita Wembe. Wa pili ni binti yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu. Anasomea ualimu, na siku asizokuwa na vipindi hukaa kwenye kompyuta akapanga kurasa.

Mwaka huu vyama vyote vitatu vikubwa vilileta ilani zao kwangu. Bei yangu ni ndogo na mdomo wangu ni mzito, kwa hiyo sikushangaa. Ili nisionekane napendelea, nitavitaja kwa alama zao za kura: Ngazi, Ndoo na Pasi. Kila katibu mwenezi alinitaka nisiwaambie wenzake kwamba yupo kwangu, nami sikusema. Siku moja tu wawili walikutana mlangoni ana kwa ana, wakajifanya wote wamekuja kuulizia magodoro. Mmoja ilibidi anunue.

Hapa sina budi kutoboa siri ya kazi, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Vyote vitatu viliagiza kitabu cha kurasa arobaini na nane, karatasi ile ile, ukubwa ule ule. Katika vyote vitatu sura ya elimu ya juu iliangukia ukurasa wa kumi na saba hadi wa ishirini, baada ya barabara na kabla ya mifugo. Sisi wapiga chapa wadogo hatupendi kupoteza karatasi. Basi nikazipanga kurasa hizo za vyama vitatu kwenye karatasi moja kubwa, zikachapwa kwa mkupuo mmoja, kisha Wembe akazikata na kuzitenga mafungu matatu. Siku nzima wapinzani hao walilala ubavu kwa ubavu kwenye karatasi moja bila ugomvi wowote. Ndani ya kurasa zenyewe hakuna jina la chama, imeandikwa tu "chama chetu". Kwa hiyo Wembe huchora kwa chaki juu ya meza, ngazi hapa, ndoo pale, pasi kule, na kila fungu hukaa juu ya mchoro wake hadi litakaposhonwa kwenye kitabu chake.

Siku ile mvua ilinyesha hadi ndani, kupitia lile tundu la paa. Wembe, kwa uangalifu wake, akayanyanyua mafungu yote akayaweka juu ya kabati yasilowe. Maji yakafuta chaki. Mvua ilipokatika akakausha meza, akachora upya kwa kukumbuka, akayarudisha mafungu. Nilipita nikaona ngazi imechorwa vizuri sana, hata vipandio unavihesabu, nikamsifu. Sifa ile inaniuma hadi leo, Ndugu Mhariri, kwa sababu Ngazi ilipewa kurasa za Ndoo, Ndoo ikapewa za Pasi, na Pasi ikapewa za Ngazi. Vitabu vikashonwa, vikafungwa, vikapakiwa, vikaenda zake.

Niligundua siku ya nne, nilipofungua kitabu kimoja kilichobaki, vingine vimeshagawiwa. Kwa kawaida mimi sisomi ilani, naangalia tu pembeni kama zimekatwa sawa. Ila kurasa za elimu ya juu mwaka huu nilizisoma mapema kwenye prufu, yaani ile nakala ya kwanza ambayo mteja huisoma na kuisaini kabla mashine haijawashwa. Nilizisoma neno kwa neno, miwani usoni, kwa sababu nyumbani kwangu kuna jambo.

Binti yangu alinyimwa mkopo wa masomo, na aliyesababisha anyimwe ni mimi. Fomu ya ofisi ya mikopo iliuliza kazi ya mzazi. Ningeandika "mpiga chapa" ningekuwa nimesema kweli. Lakini siku hiyo nilivaa shati jipya, kalamu ilikuwa inateleza vizuri, nikaandika "Mkurugenzi Mtendaji wa Kiwanda". Ofisi ikajibu kwamba mtoto wa mwenye kiwanda hana uhitaji. Tukakata rufaa. Wakataka barua ya kuthibitisha kwamba kiwanda changu si kiwanda, na barua hiyo iwe na muhuri wa kiwanda. Nikaipeleka. Wakaitazama, wakasema kiwanda chenye muhuri ni kiwanda.

Sasa chuo kimetangaza kwamba asiyemaliza ada hataingia chumba cha mtihani. Mitihani inaanza Jumatatu ijayo. Nimeshampata mtu wa kuinunua ile mashine ya zamani zaidi, ambayo ndiyo niliyoanzia nayo maisha, lakini binti mwenyewe ananizuia. Kila nikigusia ananiambia nisubiri kwanza. Mtoto huyu ananiuma, maana anayetulizwa ni mimi badala ya mimi kumtuliza yeye.

Ndiyo maana nilizishika kurasa zile kichwani. Ngazi waliahidi mkopo kwa kila aliyepata nafasi chuoni, bila kujaza fomu yoyote. Ndoo waliahidi kwamba hakuna mwanafunzi atakayezuiwa kwenye mlango wa chumba cha mtihani kwa sababu ya ada. Pasi waliahidi kwamba kabla mzazi yeyote hajaitwa tajiri, ofisa ataenda kwake akalione paa lake kwa macho yake mwenyewe. Zilikuwa sera nzuri, kila moja na mwenyewe, na mimi nimezigawa ovyo kama karanga. Kwa kosa la namna hiyo nilitarajia kufungiwa karakana. Badala yake yamenipata haya yafuatayo, na ndiyo malalamiko yangu.

1. Nalalamika kwamba hakuna aliyegundua. Ngazi walizindua ilani yao kwenye uwanja wa mpira. Nilisimama nyuma karibu na jenereta. Mgombea wao akafungua ukurasa wa kumi na saba, akasoma ahadi ya Ndoo ya mlango wa mtihani, akanyamaza. Nikajua nimekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta leso. Alilia, Ndugu Mhariri. Alisema sera hiyo ameibeba kifuani tangu ujana, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuzuiwa mlangoni kwa ajili ya ada. Baba yake wakati huo alikuwa waziri wa fedha. Siku mbili baadaye Ndoo wakazindua yao, wakasema kumtembelea mzazi nyumbani kwake ndio msingi wa chama chao tangu kilipoanzishwa. Pasi walisema mkopo bila fomu umefanyiwa utafiti kwa miaka miwili na wataalamu kumi na wanne. Wakawasimamisha wataalamu hao jukwaani, nao wakapunga mikono. Prufu ninazo mimi, kila moja na sahihi ya katibu mwenezi na muhuri wa chama chake.

2. Nalalamika kwamba nimekiri na hakuna aliyetaka kunisikia. Nilizibeba prufu nikaenda ofisi moja baada ya nyingine. Katibu mwenezi wa Ngazi ni kijana wa simu mbili. Niliweka prufu na kitabu mbele yake, akaitazama sahihi yake kwa muda mrefu, akakubali kwamba ni yake ila hakumbuki. Halafu akaniuliza:

"Mzee, watu walipiga makofi?"

Nikasema walipiga.

"Basi hiyo ndiyo sera yetu. Ungekuwa umekosea kama wangezomea."

Kwa Ndoo nilipokelewa na mama mmoja mpole, akaniagizia chai, akanisikiliza hadi mwisho na kunishukuru kwa uzalendo wangu. Kisha akauliza kama naweza kuwachapia nakala nyingine elfu tano, zile zile zenye kosa, kwa kuwa huko vyuoni zimegombaniwa zikaisha.

Kwa Pasi ndiko nilikoona cha moto. Walinihoji watu wawili kwa zamu, mlango umefungwa, wakafikia uamuzi kwamba nimetumwa na Ngazi kuja kudai sera ya mkopo bila fomu. Nikawaonyesha muhuri wa Ngazi kwenye prufu ili waone kwamba kweli ilikuwa ya Ngazi. Wakasema huo sasa ndio ushahidi kwamba Ngazi walikusudia kuiba. Jioni ile ile wakaita waandishi wa habari. Na wewe, Ndugu Mhariri, ukaiweka ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, "Ngazi wanaswa wakipora sera", ukaniita mimi chanzo cha kuaminika. Hili nalo nalalamika.

3. Nalalamika kuhusu mdahalo wa redioni. Tuliusikiliza karakanani, mashine tumezizima kwa heshima. Mgombea wa Ngazi alisema mkopo bila fomu ni ndoto za mchana za watu wasiojua hesabu, na katibu wake aliyeisaini ndoto hiyo nilimsikia kwa masikio yangu akicheka nyuma yake. Mgombea wa Ndoo alisema kuacha milango ya mitihani wazi ni kulea kizazi cha wavivu. Wa Pasi akasema kumpeleka ofisa akachungulie paa la mtu ni kumvunjia mwananchi heshima. Kila mmoja alikuwa anampiga mawe mtoto wake mwenyewe, na kumlea wa jirani. Mwishoni akaletwa mchambuzi, mhadhiri wa siku nyingi, akasema hajawahi kuona vyama vyetu vikitofautiana kimawazo kwa uwazi kiasi kile. Alisifu sana msimamo.

4. Nalalamika kwa niaba ya Wembe. Mtu huyu halali vizuri tangu siku ya mvua. Wiki iliyopita alivaa koti lake la misibani akaenda kituo cha polisi kujisalimisha. Askari wa zamu alimwuliza aliyelalamika ni nani. Wembe akasema hakuna. Askari akamwuliza nani ameumia. Wembe akafikiri, akasema labda taifa. Akaambiwa arudi nyumbani, na taifa likijisikia vibaya lije lenyewe lifungue jalada. Amerudi akiwa mnyonge kuliko alivyoondoka, na sasa anakata karatasi huku anasali.

5. Nalalamika kuhusu vijana. Nilipeleka mabango chuoni, maana jumuiya za vijana za vyama vyote vitatu huchapisha kwangu, nikawakuta wamezozana mbele ya ubao wa matangazo. Hawakuzozana kwa maneno tu. Kijana mmoja wa Ngazi alitolewa jino akitetea mlango wa mtihani, na aliyemtoa ni kijana wa Ndoo, yaani wa chama kilichousaini mlango huo. Niliwaamulia, nikampa aliyeumia kitambaa changu cha kufutia wino. Ndipo nikainua macho nikaona orodha iliyobandikwa pale juu. Ilikuwa ni orodha ya wasiomaliza ada, wale watakaozuiwa. Jina la kijana wa jino lilikuwepo. La aliyempiga lilikuwepo chini yake. Mwenyekiti wa vijana wa Pasi, aliyekuwa amepanda kwenye kiti akiimba, alikuwepo pia. Wote watatu walivaa fulana mpya, na hakuna hata chama kimoja kilichojiuliza kama mtu aliye ndani ya fulana ataingia kwenye mtihani. Sikuendelea kusoma orodha ile. Sikuwa na moyo wa kulitafuta jina la binti yangu.

6. Nalalamika mwisho kuhusu heshima ya kazi yangu. Mwaka juzi nilikosea saa moja tu kwenye kadi ya harusi, shangazi wa bwana harusi akaja na nusu ya ukoo, akasimama mlangoni kwangu hadi nikachapa upya bure. Mwaka jana nilidondosha herufi moja kwenye karatasi ya kufungia sabuni. Mwenye sabuni alirudisha makasha yote, na wateja wake watatu walikuwa wameshampigia simu. Kwa hiyo nimejifunza kwamba katika nchi hii sabuni husomwa. Kadi ya harusi husomwa. Hata onyo la mbwa mkali husomwa. Kitu pekee ambacho mtu anaweza kukichapa kichwa chini miguu juu na asipate usumbufu ni ahadi ya chama kwa mwanafunzi. Nimefanya kazi miaka yote hii nikiamini kwamba nachapa maneno, kumbe nachapa uzito tu wa kushika mkononi jukwaani.

Ndugu Mhariri, kwa kuwa nimenyimwa haki yangu ya kushtakiwa, najiona ninayo haki ya kuomba. Sitaomba makubwa. Naomba vyama vitendewe yale yale ambayo wanafunzi hutendewa, kwa utaratibu ule ule na upole ule ule.

Kwanza kila mgombea akalishwe chumba kimoja, meza mbali mbali, simu nje, afanye mtihani kuhusu ilani yake mwenyewe. Maswali yatoke ukurasa wa kumi na saba hadi wa ishirini. Sitaki swali gumu. Swali la kwanza liwe: taja jina la chama chako, na useme kinachoahidi.

Kabla ya kuruhusiwa kukaa, chama kijaze fomu. Kilete cheti chake cha kuzaliwa, kilete cheti cha kifo cha kila ahadi iliyofariki tangu uchaguzi uliopita, na barua ya serikali ya mtaa kwamba kinafahamika hapo kinapoishi. Kilete na wadhamini wawili wasio wanasiasa. Fomu isiyo na muhuri irudishwe. Fomu yenye muhuri ionekane ni ya chama kinachojiweza, nacho kinyimwe kipaza sauti kwa kukosa uhitaji. Kikitaka kukata rufaa, kije siku ambayo ofisa hayupo.

Ruzuku ya vyama nayo itolewe kama posho ya mwanafunzi inavyotolewa. Iwe nusu, iingie miezi miwili baada ya kura kuhesabiwa, na anayeulizia aambiwe tatizo ni mtandao. Wakati huo viongozi wa vyama wapangiwe kulala wanane kwenye chumba cha wanne, na mwenyekiti ndiye alale pale mlango unapofungukia.

Watakaoshindwa mtihani majina yao yabandikwe kwenye milango ya vituo vya kupigia kura, nao wasimame nje na suti zao hadi wamalize wanachodaiwa. Mlinzi awe yule wa chuoni, ambaye haangalii mtu usoni.

Na kama serikali itaona hilo ni gumu, basi ifanye kinyume chake, itakuwa haki vilevile. Wanafunzi ndio watendewe kama vyama. Kila mwanafunzi apewe magari mawili na king'ora, alipwe kwa kukaa kwenye kiti, alipwe tena kwa kuinuka. Akisinzia darasani iandikwe kwamba anatafakari. Akifeli atangaze kwamba ameibiwa alama, aunde tume yake imkute hana hatia. Na baada ya miaka mitano, akiwa hajaandika hata insha moja, arudi kwetu na ngoma na fulana, atuombe mitano mingine ili amalizie aliyoyaanza.

Naomba uichape barua hii upesi, ukurasa wowote ule, ili vyama visome na kunishtaki, na Wembe apate usingizi. Nikiulizwa mahakamani nitasema ukweli wote, kwamba sera zile zilikuwa na wenyewe na mimi nimezipoteza.

Wasalimie wote hapo ofisini, mhariri msaidizi, wapiga picha, mama wa mapokezi ambaye kila mara huniambia umetoka, na wapiga chapa wenzangu huko chini kwenye mashine, ambao wataielewa barua hii kuliko ninyi wa juu. Wembe anawasalimu pia na anaomba radhi.

Ni mimi, mwenye wino vidoleni na lawama mkononi,

Mpiga Chapa wa Nyuma ya Duka la Magodoro

Tanbihi, kwa mkono wangu mwenyewe:

Utaona barua imechapwa lakini sehemu hii nimeiandika kwa kalamu. Sababu ni kwamba nilimpa binti yangu aichape, na baada ya hapo mambo yamebadilika. Alipofika lalamiko la kwanza aliacha kuchapa, akaenda kunywa maji. Alirudi akaendelea. Alipofika mahali pa sahihi alikigeuza kiti, akanitazama.

"Baba, hukupoteza sera ya mtu. Zile kurasa niliziandika mimi."

Ilikuwa hivi. Ilani zote tatu zilipoletwa barabara zilikuwepo, mifugo ilikuwepo hadi aina za chanjo, lakini kwenye elimu ya juu kila chama kilikuwa kimeandika mstari mmoja tu, kwamba maelezo yatafuata. Hayakufuata. Akawapigia simu makatibu wenezi, mmoja mmoja. Kila mmoja, bila kujua habari za wenzake, alimwambia ajaze chochote kizuri, kwani yeye si mwanafunzi? Kila mmoja akamletea bahasha ili mwenyekiti wake asijue kwamba sura nzima ilisahauliwa. Yeye hakujua vyama vinawaza nini kuhusu wanafunzi, na waliotakiwa kujua hawakujua pia. Basi akakaa mchana mmoja, kati ya chakula na kukatika kwa umeme, akaandika mambo matatu yaliyokuwa yanamkosesha raha yeye. Akayagawa moja kila chama ili yasifanane. Wakasaini bila kusoma.

Huo ndio utafiti wa miaka miwili na wataalamu wake kumi na wanne.

Kwa hizo bahasha tatu amemaliza ada. Risiti ya chuo imo ndani ya daftari lake tangu wiki iliyopita, na kwenye orodha ile ambayo mimi niliogopa kuisoma jina lake halikuwepo. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza, baba yake. Alisema kwa sababu ananijua, ningekwenda kukiri. Nakuambia wazi kwamba nililia.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yangu, la kwanza hadi la sita. Hakuna kilichochanganywa, kwa kuwa hakukuwa na cha mtu. Wembe nimemwambia asali kwa mambo mengine. Nafuta hasa pale niliposema kwamba vyama havimjali mwanafunzi. Vimemsomesha mmoja, vyote vitatu kwa pamoja, bila fomu, bila mdhamini, kwa haraka ambayo ofisi ya mikopo haijawahi kuiona, na kwa sharti moja tu kwamba visilazimike kusoma alichoandika. Mtihani niliouomba kwa wagombea nao naufuta. Wangeulizwa nani alitunga, na mimi sasa sitaki waulizwe.

Nilikusudia kuichana barua hii. Nimeshindwa, kwa sababu huko nje watu wazima wanalia na kutoana meno kwa ajili ya maneno ya mtoto wangu, na nimeona lazima mtu mmoja asiye wa nyumba hii ajue ni yake. Basi naituma, ila nakuomba uikalie. Mtihani wake wa kwanza ni Jumatatu. Wa mwisho ni Alhamisi ya wiki itakayofuata, unaanza saa tatu asubuhi na kwisha saa sita. Ukiichapa Ijumaa, sitalalamika.